"Sasa" na "Zamani": Mwanafunzi wa Kitui na Maneno Aliyoyaazima

Mwanafunzi wa Kiafrika aliyekwenda kusoma Ulaya amejadiliwa sana katika uhakiki wa riwaya na tamthiliya. Ni mara chache mno kuhakikiwa kwa maandishi ya kitaaluma aliyoyaandika yeye mwenyewe. Madhumuni ya makala haya ni kumwangalia mmoja wao, John Mbiti, kwa kupitia maneno mawili ya Kiswahili aliyoyafanya nguzo za hoja yake mashuhuri.

Mbiti alizaliwa Mulango, Kitui, mwaka 1931. Alisoma Alliance, Makerere na Marekani, na mwaka 1963 alipata shahada ya udaktari huko Cambridge. Kabla ya hapo alikuwa amekwisha kuandika kitabu cha Kikamba, Mutunga na Ngewa Yake (1954). Baada ya Cambridge vitabu vyake vikubwa viliandikwa kwa Kiingereza, na kilichotia fora ni African Religions and Philosophy (1969), alichokitoa alipokuwa akifundisha Makerere.

Humo anadai kwamba katika fikra za jadi za Kiafrika wakati una pande mbili: zamani iliyo ndefu mno, na sasa. Wakati ujao wa mbali, asema, karibu haupo. Ushahidi wake mkubwa ni vitenzi vya Kikamba na Kigikuyu, ambavyo njeo zake za wakati ujao, kwa maelezo yake, huishia miezi sita, au miaka miwili ikizidi sana. Na kwa kuwa istilahi za Kiingereza huja na fikra za Kiingereza, aliamua kutumia "sasa" na "zamani".

Nia hiyo ni njema, lakini wahenga wetu hawakuiamini nguo ya kuazima. Kwa Mswahili, sasa ni punde hii anayosema. Akitaka kuikaza huongeza "hivi". Kwa Mbiti, sasa imepanuliwa hata ikameza miezi ijayo na sehemu ya miaka iliyopita, na zamani imekuwa bahari ambamo kila tukio huzama hatimaye. Msemaji wa kawaida wa Mombasa au Unguja hawezi kuyatambua maneno yake humo. La kushangaza zaidi ni yale yaliyoachwa mlangoni. Lugha iliyotoa "sasa" na "zamani" ina pia keshokutwa, mtondo na mtondogoo. Ina mbeleni, siku za usoni na milele. Mwenye kuchukua mawili na kuyaacha mengine hajaiuliza lugha, ameichagulia jibu.

Pili, kuna mruko kutoka njeo hadi akili. Kiambishi -ta- cha Kiswahili hubeba saa moja ijayo na miaka elfu ijayo bila kubagua. Je, tuseme Mswahili haoni tofauti kati ya kesho na kiama? Hakuna atakayekubali. Basi njeo tatu za wakati ujao za Kikamba nazo haziwezi peke yake kutuambia Mkamba anaona umbali gani. Kwame Gyekye wa Ghana, katika kitabu chake cha mwaka 1987, aliipinga hoja hiyo kwa ushahidi wa Kiakan. Sisi wa Kiswahili, ambao maneno yetu ndiyo yaliyotumika, tulikuwa na sababu kubwa zaidi ya kusema.

Tatu ni maisha yenyewe. Mkulima wa Makueni anayechimba matuta ya fanya juu kwenye mteremko, au anayepanda mwembe, anafanyia kazi miaka ambayo njeo ya kitenzi chake, kwa hesabu ya Mbiti, haiifikii. Mbiti angeweza kujibu kwamba hayo yamo katika mzunguko wa maumbile, kwa hiyo ni sehemu ya sasa. Lakini "sasa" inayoweza kumeza kila mfano wa kuipinga haithibitishi kitu.

Chanzo cha kasoro hii si uhaba wa maarifa. Utafiti wake wa Cambridge ulihusu mafundisho ya Kikristo juu ya mambo ya mwisho na jinsi yalivyopokewa na Wakamba. Swali la wakati ujao wa mbali lilitoka katika teolojia, na Kikamba kikaitwa kutoa ushahidi. Sisi tuliosomea shahada za uzamili ng'ambo tunaijua hali hiyo: lugha ya mama hugeuka shahidi anayehojiwa juu ya shauri ambalo nyumbani halikuwahi kufunguliwa.

Hata hivyo haifai kuishia hapo. Mbiti aliondoka Makerere mwaka 1974, akaishi Uswisi hadi kifo chake mwaka 2019. Huko ugenini, akiwa amepita umri wa miaka 80, alitoa mwaka 2014 tafsiri ya Agano Jipya kwa Kikamba, aliyoifanya kutoka Kigiriki. Katika kazi hiyo Kikamba si shahidi tena. Ndicho kinachosema, tena hadi Ufunuo, kitabu cha mambo yajayo. Kwa maoni yetu, tafsiri hiyo yafaa kusomwa bega kwa bega na kitabu cha 1969, na kazi hiyo inawangoja wanafunzi wanaokijua Kikamba. Nasi, katika idara zetu, tusipitishe istilahi yoyote iliyotwaliwa kutoka lugha zetu kabla haijapimwa kwa matumizi ya wenye lugha.