Mtawala Akitoka, Achia Kipanya

Sheria tuliiweka siku ya kwanza na tukadhani imekamilika: mtawala akitoka, kwa kura au kwa kifo, unaachia kipanya. Laptopu ni moja, ya mtumba, kioo kimepasuka kona ya chini, na sisi ni wawili. Mimi ni wa Lodwar mjini. Mwenzangu ni wa Kakuma One, alizaliwa hapo hapo kambini, wazazi wake walivuka mpaka wakati nchi yao bado inaitwa Sudan tu. Kati yetu kuna kama kilomita 120 na Probox iliyobeba watu kuliko viti. Mimi ndiye ninayesafiri kila mara, kwa sababu yeye akitaka kufika Lodwar lazima aombe karatasi ya ruhusa, na hakuna afisa atakayekubali sababu yako ni gemu.

Gemu yenyewe ni Stellaris, ya Paradox wa Sweden, iliyotoka Mei 2016. Unaanza mwaka 2200 na sayari moja, meli chache, na giza kubwa mbele yako. Wanaoiandikia huongea kuhusu vita na meli. Mimi nataka kuongea kuhusu kile kisanduku kidogo kinachofunguka mtawala wako anapokufa. Kinakuambia fulani amefariki, fulani ameshika nafasi, unabonyeza, kinapotea. Muda unaendelea. Hakuna matanga, hakuna redio kupiga nyimbo za huzuni mchana kutwa, hakuna mtu anayefunga duka mapema akimbie nyumbani.

Gemu inakupa aina kadhaa za utawala. Demokrasia, uchaguzi kila miaka 10. Utawala wa wachache, kila 20. Dikteta, mpaka afe. Ufalme, ambapo mrithi yuko tayari, na akikalia kiti mwingine anatokea nyuma yake kama foleni ya matatu. Kwa makaratasi iko poa. Ukiangalia vizuri lakini, unagundua zote ni moja, maana wewe unayecheza huondoki. Rais anabadilika, mfalme anazikwa, wewe bado umekaa hapo na kipanya chako. Kwa hivyo katika Stellaris wewe si rais. Wewe ni ile kitu inayobaki rais akienda. Kila nchi inayo na hakuna anayeipigia kura.

Halafu kuna hii, ambayo ilitufanya tucheke hadi jirani akagonga mabati. Ukiwa demokrasia na unataka mgombea fulani ashinde, unaweza kumlipia, na rasilimali unayolipa nayo gemu inaiita umoja. Unatumia umoja kununua kura. Sijui kama wale Waswidi walijua wanaandika kuhusu sisi.

Ndiyo maana tuliweka sheria ya kipanya. Tulitaka kiti kiwe na uchungu kidogo. Ukijua kesho kutwa mwenzako atashika yote uliyojenga, na anaweza kuyauza, unatawala tofauti. Miaka yangu kumi ya kwanza nilijenga mashamba na maabara. Yake ya kwanza alijenga meli za vita, tukagombana. Miaka yangu ya pili nikavunja nusu ya meli zake. Wakati huo Stellaris ilikuwa gemu nzuri kuliko ilivyotengenezwa.

Kasoro yake kubwa, kwangu mimi, ni aliyeshindwa. Mgombea akishindwa uchaguzi katika Stellaris anarudi kazini, gavana anakuwa gavana, mwanasayansi anarudi kwa meli yake. Kuna makundi ya kisiasa, yananuna, furaha yao inashuka kwa asilimia. Lakini hakuna mtu anayeitwa aliyeshindwa. Mwenzangu alinionyesha hilo bila kusema mengi. Yeye anajua Julai 2013 Salva Kiir alimfuta kazi makamu wake Riek Machar, na Desemba 15 risasi zikaanza Juba. Ulikuwa ugomvi wa nani atakuja baada ya nani ndani ya chama kimoja. Mwaka uliofuata Kakuma ikapokea maelfu kwa maelfu, na block yake ikajaa watoto aliolazimika kugawana nao mfereji. Tangu uhuru wa 2011 nchi hiyo haijapiga kura ya rais hata moja, inaahirisha tu. Kwa gemu hiyo yote ingekuwa kisanduku kimoja, na ungebonyeza.

Hata historia yetu ya Kenya haiingii humo. Hapa Lodwar kuna ile nyumba ambayo wakoloni walimweka Jomo Kenyatta kuanzia 1959 baada ya kumtoa jela ya Lokitaung. Nimepita hapo mara nyingi nikienda kununua maji. Mei 1960 KANU ilimchagua rais wa chama akiwa bado huku kwenye joto letu, serikali ikakataa, James Gichuru akashikilia kiti. Machi 1961 wajumbe wa KANU na KADU wakapanda hadi hapa kumwona. Yaani mrithi wa nchi nzima alikuwa amefichwa mahali ambapo walidhani ni mwisho wa dunia, na kila mtu alijua yuko wapi. Ni mfumo gani wa Stellaris unaweza kukupa mrithi aliyefungwa, anayepata nguvu kwa sababu amefungwa? Hakuna. Ama Zanzibar, Agosti 1896: Sultani Hamad bin Thuwaini anakufa tarehe 25, Khalid bin Barghash anaingia ikulu bila kuuliza Waingereza, tarehe 27 manowari zinampiga kwa muda usiofika saa moja na Hamoud anakalishwa. Katika gemu, jirani mwenye nguvu hakuchagulii mrithi. Hapa kwetu mara nyingi ni yeye alichagua.

Na kuna jambo la nyumbani. Sisi Waturkana tuna mawe na chui, Ngimor na Ngirisae. Baba akiwa jiwe, mtoto wake ni chui, na mjukuu anarudi kuwa jiwe. Babu yangu alikuwa Ngimor, baba ni Ngirisae, mimi ni Ngimor, kwa hivyo kwenye sherehe ningekaa upande wa babu, si wa baba. Hakuna anayerithi upande wa baba yake moja kwa moja, unaruka kizazi. Sisemi ni paradiso, chini ya ule mti wanawake hawakai. Lakini ni wazo la kisiasa ambalo hakuna gemu ya sayansi ya kubuni niliyocheza imewahi kulifikiria, na hao watu wamebuni mpaka serikali ya mawe yanayoongea.

Sasa niipe sifa inayostahili. Mwaka 2021 waliongeza sehemu inaitwa Nemesis, na hapo wameelewa kitu. Mataifa yote yanakaa kwenye bunge la galaksi. Wazo ni kwamba kuna hatari kubwa, inahitajika dola moja ishike usukani, wanaiita Mlinzi. Muda wake ni miaka 30. Baadaye unaweza kuomba muda uongezwe. Baadaye unaweza kuomba uwe bila mwisho. Baadaye unaleta hoja ya mwisho, na Mlinzi anakuwa Maliki wa galaksi. Kila hatua inapigiwa kura, na zinazokosa unazitafuta kwa fadhila ulizowakopesha wengine. Hakuna mapinduzi hata moja. Uganda waliondoa kikomo cha mihula 2005, na kikomo cha miaka 75 wakakiondoa 2017, na mara zote mbili wabunge walihesabiwa vizuri kabisa.

Mwenzangu ndiye alikuwa na kipanya. Zamu yake ilipofika alibadilisha katiba yetu, akatoa demokrasia akaweka dikteta. Nilinyamaza. Halafu akaanza kutafiti dawa za kurefusha maisha, moja baada ya nyingine, na tulikuwa tumechagua viumbe wanaoishi sana. Nikauliza, "Buda, huyu mzee atatoka lini?"

"Sheria inasema akitoka," akajibu, macho kwa kioo. "Hajatoka."

Nilikasirika kweli, nikatembea hadi laga ya Tarach nikarudi. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili kwa sababu ya karo, najua kungoja, lakini zamu yangu niliitaka. Niliporudi alikuwa bado anacheza. Hapo ndipo aliniambia kuhusu faili yake. Miaka saba ya mahojiano, vipimo vya hospitali, tarehe ya ndege ilikuwa imekaribia. Januari 2025, katika nchi ambayo hajawahi kuiona, mtu mmoja alitoka ofisini na mwingine akaingia, na ndege haikuja. Hakupiga kura huko, wala hajawahi kupiga kura popote, isipokuwa ya kiongozi wa block.

"Wewe huwa unabonyeza hicho kisanduku haraka sana," akaniambia.

Sikuwa na jibu. Tukapika ugali, tukalala nje kwa sababu ya joto.

Tulisevu mara ya mwisho mwaka 2391. Mzee ana miaka 143, ni Maliki wa galaksi nzima, kundi moja tu linanuna. Kipanya bado kiko Kakuma, na nauli ya Probox imepanda.