Karatasi ya Ulaya, Mkono wa Siyu

Msahafu wa kale ukifika mezani kwa mchunguzi, hufunguliwa kwanza mwishoni. Huko ndiko mwandishi alikozoea kuacha jina lake, mji wake na tarehe ya Hijria, pengine pamoja na maneno ya wakfu. Bahati mbaya, kurasa za mwisho ndizo zinazotangulia kuliwa na mchwa na unyevu. Hapo kazi ngumu huanza.

Karatasi huulizwa kwanza. Ikiinuliwa mbele ya mwanga, karatasi ya Italia huonyesha alama ya kiwanda iliyomo ndani yake. Iliyoenea sana katika biashara ya mashariki ilikuwa ya hilali tatu, kutoka viwanda vya upande wa Venice. Alama hiyo huthibitisha kwamba kitabu si cha kale kuliko karatasi yake, basi. Hata kipimo cha kaboni kina mpaka huohuo: kurasa za msahafu zilizoko Birmingham, Uingereza, zilizotangazwa mwaka 2015, ngozi yake ilikadiriwa kuwa ya kati ya mwaka 568 na 645, lakini kilichopimwa ni ngozi, wala si wino.

Sasa itazamwe misahafu yenye nakshi ya Siyu, kisiwani Pate, ya karne ya 18 na ya 19. Mmoja umehifadhiwa Fowler Museum, Los Angeles. Karatasi yake imetoka Ulaya, na anayeishia kwenye karatasi atapotea njia. Mtafiti Zulfikar Hirji aliisoma misahafu hiyo kwa kuilinganisha: mwandiko, mpangilio wa ukurasa, vichwa vya sura, mapambo ya pambizoni, wino mweusi na mwekundu. Ushahidi huo ukiwekwa pamoja unaonyesha mkono wa Siyu, mji uliosifika kwa wanazuoni, wanakili na mafundi wa ngozi.

Kizimkazi, Unguja, hesabu hugeuka. Maandishi ya Kufi kwenye kibla cha msikiti, ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107, yanafanana na yale ya Siraf, Uajemi. Jiwe lenyewe ni tumbawe la pwani. Mtindo ulivuka bahari, jiwe halikuvuka. Anayedai kwamba sanaa hii yote ililetwa tu kutoka ng'ambo amesoma nusu ya ushahidi.

Haya yanahusu bara pia. Mto Mbwemkuru unapita Nachingwea na Ruangwa ukiteremkia Bahari ya Hindi, kusini ya Kilwa. Misafara ya Kilwa na Lindi iliingia bara, na dini na elimu yake zikaingia pia. Msahafu uliochakaa huzikwa au kuchomwa kwa heshima, na hilo ni haki yake. Ila kabla ya hapo, mwenye msahafu wa kurithi huko Mbwemkuru na apige picha ya ukurasa wa mwisho, jalada, mshono, na karatasi moja iliyoinuliwa mbele ya dirisha.