Ziwa Moja, Vitabu Viwili na Maneno ya Kazeh

Ugomvi wa Richard Burton na John Speke kuhusu chanzo cha Mto Nile umesimuliwa mpaka umechosha. Nimevisoma vitabu vyao kwa kufuatana, The Lake Regions of Central Africa cha Burton (1860) na What Led to the Discovery of the Source of the Nile cha Speke (1864), na kwangu utamu hauko kwenye ugomvi. Uko Kazeh, yaani Tabora yetu hii, walikofika Novemba 1857.

Ramani ya wamisionari wa Mombasa ilikuwa imechora ziwa moja kubwa ajabu, limejinyonganyonga kama konokono asiye na nyumba. Aliyeivunja ramani hiyo hakuwa na kipimo chochote mkononi. Snay bin Amir, Mwomani aliyeanza maisha kwa kutengeneza vitu vitamu Maskati kabla ya kutajirika kwa pembe za ndovu na watumwa, aliwaeleza kuwa hayo ni maziwa matatu: Nyasa, la Ujiji, na la Ukerewe kule kaskazini.

Agosti 1858 Speke akalifikia hilo la tatu, Burton akiwa mgonjwa Kazeh. Speke alichemsha maji, akasoma kipimajoto (ukipanda juu, maji huchemka mapema), akapata zaidi kidogo ya futi 3,700. Jibu zuri mno! Ila Tanganyika walilipa futi 1,850 hivi, wakati liko juu ya 2,500. Njia ileile, safari ileile.

Burton hakukubali. Hoja yake inanihusu kama mwandishi wa habari: Speke hakujua Kiarabu, alimuuliza Sidi Mubarak Bombay kwa Kihindustani kibovu, Bombay akageuza kwa Kiswahili, mwingine akapeleka lugha ya mbele, na jibu likarudi kwa njia hiyohiyo. Nani amewahi kuhoji watu kupitia wakalimani wawili asijue hofu hiyo? Hapo Burton yuko sahihi kabisa.

Sasa fungua sura yake kuhusu Karagwe, Uganda na Unyoro. Hakukanyaga huko hata siku moja! Ameijaza kwa maneno ya wafanyabiashara wa Kazeh, akiwa ametulia kana kwamba ameyaona. Maneno ya kusikia yakipita kwake ni elimu, yakipita kwa Bombay ni upuuzi. Huu ndio ufa mkubwa wa kitabu, na dharau yake kwa Waafrika, ambayo inachosha kweli, ndiyo inayouziba asiuone.

Speke naye aliona pembe tu ya kusini ya ziwa akatangaza Nile yote. Alibahatisha, akapatia. Alikufa kwa risasi ya bunduki yake Septemba 1864, siku moja kabla ya mdahalo na Burton. Stanley alilizunguka ziwa mwaka 1875.

Kama una muda wa kitabu kimoja, chukua cha Burton, maana jinsi anavyoeleza misafara, vyakula na bei za sokoni, Speke hamgusi. Cha Speke kisome kwa ajili ya maji yanayochemka, na kwa mdudu aliyemwingia sikioni Tanganyika, akamchokonoa kwa kisu.