Kitabu cha Mtoto wa Kisiwani

Ikiwa umepata kusoma hadithi ambayo ndani yake theluji yaanguka, na ndege aimbaye dirishani hujapata kumwona maishani mwako, basi, msomaji wangu, u karibu kuijua hali ya mtoto wa Jamaika wa zamani aliyefungua kitabu shuleni. Vitabu vyake vilitoka Uingereza. Babu zake, kama walitajwa humo, walitajwa kuwa watumwa au waasi. Nataka kukuonyesha waandishi wawili waliojaribu kumpa mtoto huyo kitabu chake mwenyewe, kisha tuulizane kama walimpa ukweli wote.

Wa kwanza ni Andrew Salkey. Alizaliwa Panama mwaka 1928, akalelewa Jamaika, na mwaka 1952 akahamia London, alikopata riziki kwa kufundisha na kwa kazi ya redio. Kati ya 1964 na 1967 alitoa hadithi nne za watoto, kila moja yenye jina la balaa: Hurricane, Earthquake, Drought na Riot, yaani tufani, tetemeko la ardhi, ukame na ghasia. Usistaajabu kwamba mambo ya Jamaika yaliandikwa London. Mwaka 1960 kisiwa kile kilikuwa na watu kama milioni 1.6 tu, na wachapaji wakubwa walikuwa ng'ambo. Mwandishi wa watoto aliyebaki nyumbani alikuwa na mnunuzi mmoja wa kutumainiwa, nayo ni shule; na mtu hawezi kuila sifa.

Katika Hurricane nasifu subira yake. Salkey haikimbilii tufani. Aiacha jamaa moja ya Kingston ingoje, na katika kungoja huko ndiko tunakowajua.

Wa pili, Vic Reid, ndiye nimpendaye zaidi, na kwa hiyo ndiye nitakayemlaumu. Alizaliwa Kingston mwaka 1913 akafa mwaka 1987, na kazi yake ilikuwa uandishi wa magazeti. Labda hujui kwamba mtu huyu aliandika juu ya nchi yako. Riwaya yake The Leopard, iliyotoka mwaka 1958, ni ya Kenya wakati wa vita vya Mau Mau, naye hakuwa amepata kukanyaga Kenya! Lugha yake ni tamu, lakini msitu ule ni wa ndoto, na msomaji wa Nyeri atajikuna kichwa mara nyingi.

Alipoandikia watoto alirudi kwenye milima aliyoijua. Sixty-Five, kitabu cha mwaka 1960, chahusu maasi ya Morant Bay ya mwaka 1865, ambapo Paul Bogle alinyongwa na watu zaidi ya 400 wakauawa na serikali. Leo Bogle ni shujaa wa taifa. Kitabu hicho kilipotoka, Jamaika ilikuwa bado koloni, uhuru ukiwa mbele kwa miaka miwili. Fikiri, basi, maana ya kumpa mtoto wa shule kitabu kimwonacho Bogle kuwa mtu aliyedai haki.

Hata hivyo kitabu chake kilichopendwa kupita vyote ni The Young Warriors cha mwaka 1967. Ni habari za Wamaruni, watu waliokimbia utumwa wa mashamba ya miwa wakajenga vijiji milimani. Sisi wa pwani tuna neno lao: watoro, kama wale wa Fuladoyo katika nyika ya Kilifi. Vijana watano wamekwisha kushinda majaribio ya ushujaa. Wamekwenda kuwinda, mara waona askari wa Kiingereza, makoti mekundu, wamejificha msituni. Tangu hapo huwezi kukiweka kitabu chini. Reid hakuhubiri. Akupa majani, matope, na mlio wa abeng, baragumu la pembe ya ng'ombe lipelekalo habari toka mlima hata mlima. Mtoto asoma kwa kutaka kujua nani atashikwa, na bila kuambiwa ajikuta yu upande wa watoro.

Lawama yangu ni hii. Hadithi yaishia katika ushindi, wala haitufikishi mwaka 1739. Mwaka huo Wamaruni walipatana na Waingereza: waliachiwa ardhi yao na uhuru wao, na kwa upande wao waliahidi kuwarudisha kwa mabwana watumwa watakaotoroka baadaye. Wengine watasema kwamba mtoto wa miaka kumi na miwili hapaswi kutwikwa mzigo huo. Nami nakiri kwamba mtoto ambaye amenyimwa mashujaa miaka mingi ana haki ya kupewa watano walio safi kwanza. Lakini mtoto huyohuyo ndiye atakayekua na kuusoma mkataba ule katika kitabu cha historia, peke yake, bila rafiki wa kumshika mkono.

Vijana wale, kama wangekuwa watu wa kweli, huenda wangeufikia mwaka 1739, na mmoja wao angetumwa kumsaka mtoro mwenye umri kama aliokuwa nao yeye siku ile ya uwindaji. Angefanyaje? Reid aliwajua vijana hao kuliko mtu yeyote. Ningependa sana kukisoma kitabu hicho kwa mkono wake.