Rangi za Mto Ganges

Raghubir Singh (1942–1999), mzaliwa wa Jaipur, alitoa vitabu juu ya mto Ganges mwaka 1974 na 1992, vyote kwa picha za rangi, ilhali wasanii wengi wa siku zake walishikilia nyeusi na nyeupe. Twaisifu hasa picha ya Monghyr, ya mwaka 1967: wanawake wamesongamana mvuani, nguo zimewaganda mwilini. Hakuna asaliye humo, lakini twaona unyenyekevu mbele ya Muumba. Picha za waogao Varanasi zatutia mashaka: je, mwenye kusali aliombwa ruhusa? Sisi tuchukiao kamera penye Meza ya Bwana (ingawa siku ya Kipaimara twanyamaza) hatuwezi kuifanya sala ya Mhindu kuwa pambo. Kwa swali hilo vitabu hivi havina jibu.