Ufundi wa Kusimama kwa Wakati

Mtazame dereva mahiri wa Land Cruiser ya polisi anapoingia Emali akitokea Sultan Hamud. Lami imenyooka na gari lina nguvu, lakini mguu umeshaacha mafuta kabla ya kibanda cha kwanza. Macho yake yanapita chini ya malori yaliyoegeshwa, yakitafuta miguu, kwa maana anayevuka mbele ya lori huanza kuonekana miguu, kichwa baadaye. Miguu ikitokea, breki zinashika taratibu, na askari waliokaa nyuma hata hawayumbi.

Ufundi huu hauna mashabiki. Dereva akiyapita magari matano atasifiwa; hakuna amsifuye kwa mama aliyevuka salama na kapu lake.

Ukambani, kazi hiyo ni ya kila siku. Barabara kuu ya Nairobi–Mombasa inapasua miji ya soko ya Makueni, kuanzia Salama hadi Mtito Andei, na watu huuza upande huu wakaishi upande ule. Kitui kuna mtihani wake. Lami ya kutoka Kibwezi kupitia Mutomo imeleta mwendo mahali ambapo zamani vumbi na mashimo yalimzuia kila mtu, ila punda wenye mitungi ya maji wangali wanapita palepale. Punda akishtuliwa na king'ora hukimbilia popote, na mtoto anayemswaga humfuata. Dereva anayeijua kazi huwaona wote wawili kwa mbali, akapunguza mwendo mapema.

Hesabu inamuunga mkono. Kwa kilomita 50 kwa saa, kikomo cha mijini, gari hupita karibu mita 14 kila sekunde. Kwa 80, mita 22. Tuseme dereva anachukua sekunde moja kufikisha mguu kwenye breki. Kwenye lami kavu, gari la kwanza litasimama baada ya takriban mita 28. Mahali hapohapo, la pili bado linakwenda kwa zaidi ya kilomita 70 kwa saa.

Polisi wa London walilielewa jambo hili mapema. Katika miaka ya 1930 walifungua shule ya udereva Hendon, wakamwalika Lord Cottenham, dereva wa mashindano ya magari, awasaidie. Mtu wa mbio akawafunza utaratibu. Mafunzo ya aina hiyo yaliingia katika kitabu Roadcraft, kilichochapishwa 1955, na kanuni yake kubwa ni nyepesi kuitamka: nenda kwa mwendo utakaokuwezesha kusimama ndani ya umbali unaouona wazi. Ugumu wake ni kuitii usiku, umechoka, redio ikikuita.

Kwa kuwa mazoea hulegeza mkono, masharti ya udereva serikalini Kenya yanataka jaribio la kufaa, cheti cha huduma ya kwanza na kozi za kujinoa upya. Dereva wa polisi, anayebeba watu na silaha na kutumwa kwa haraka, hastahili mafunzo pungufu ya hayo.

Ufundi unaposhindwa na mtembea kwa miguu akafa, kuwajibika ni sehemu ya kazi ileile: kusimama, kumhudumia aliyegongwa, kutoa taarifa ya kweli. Sheria ya Trafiki, kifungu cha 46, inaweka kifungo cha hadi miaka 10 kwa anayesababisha kifo kwa kuendesha kwa hatari, na sare haimkingi. Mahakama ya Uingereza ilisema hivyo mwaka 1959 katika kesi ya Gaynor na Allen: askari wa pikipiki aliyemgonga mpita njia alipimwa kwa uangalifu uleule unaodaiwa kwa dereva yeyote. Hapa Kenya, sheria ya 2011 iliunda IPOA, chombo huru cha kuchunguza vifo vinavyotokana na vitendo vya polisi. Familia inayodai fidia kwa Serikali isichelewe, kwani muda wa kufungua kesi ya madhara ni miezi 12.

Lakini dereva hakujipa ufunguo mwenyewe. Mkuu wa kituo aliyemtuma akiwa hajalala, au kwa gari lenye tairi zilizokwisha, ana sehemu yake katika kifo hicho. Wakuu wa vituo vya Kitui na Makueni, mchagueni dereva kwa subira yake, na mkimwona anapunguza mwendo sokoni, msimharakishe.