Padre David Clement na Wimbo wa Usukuma: Tathmini

Utangulizi

Huko Ufaransa na katika nchi nyingine za Ulaya, padre mwanamuziki hupimwa kwa mambo mawili: kinanda cha kanisa kuu alilolitumikia, na nyimbo alizoziandika. Padre David Clement hapimiki kwa kipimo hicho. Alizaliwa Quebec, Kanada, katika watu wasemao Kifaransa, akawa mmisionari wa Shirika la Mapadre Weupe, na Wasukuma wakamwita Fumbuka. Kazi yake ya muziki haina budi kutazamwa katika jengo, katika uwanja wa ngoma, na katika sikukuu. Katika makala hii tunakusudia kuitathmini kazi hiyo, hasa kwa ajili ya wale miongoni mwetu watakaotumwa kuhudumu Shinyanga na Geita.

Kazi ya Bujora

Bujora iko karibu na Kisesa, nje kidogo ya jiji la Mwanza. Hapo, katika miaka ya 1950, Padre Clement aliunda pamoja na Wasukuma kamati ya utafiti wa mila na desturi zao. Kanisa lilijengwa la mviringo kwa mfano wa nyumba ya mtemi, na alama za utemi zikawekwa kumtukuza Kristo. Ngoma na nyimbo za Kisukuma zikaingia ibadani. Mwaka 1968 ikaanzishwa rasmi Makumbusho ya Wasukuma.

Tukumbuke kwamba Hati ya Liturujia ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano ilitangazwa tarehe 4 Desemba 1963. Kifungu cha 119 cha hati hiyo chataka muziki wa mataifa ya misioni upewe heshima yake. Kifungu cha 120, kinachofuata mara moja, chakisifu kinanda kikubwa cha makanisa ya Ulaya. Padre Clement alikuwa ameanza kuifanya kazi ya kifungu cha 119 kabla hakijaandikwa.

Lililo kubwa zaidi ni sikukuu ya Bulabo, ambayo huadhimishwa kila mwezi Juni kufuatana na Sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo. Hapo hushindana vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu. Asili yao yatajwa kuwa ni waganga wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha. Vyama hivyo hucheza kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi zaidi. Kwa hiyo manju hutunga maneno makali, wachezaji hurusha majembe au hucheza na nyoka, na tangu zamani dawa za mvuto zimetumika.

Ubora na upungufu

Tukiilinganisha kazi hii na yetu wenyewe, tofauti yaonekana wazi. Katika miaka ya 1960, pale Makumira, mmisionari Mmarekani Howard Olson aliwatia moyo wanafunzi walete tuni za kwao. Kutokana na juhudi hiyo Bernard Kyamanywa aliandika mwaka 1966 wimbo wa Pasaka, "Mfurahini, Haleluya", kwa tuni ya Kihaya, na leo Wajerumani pia wanauimba kwa lugha yao. Hilo ni tunda jema. Walakini tuni iliyochapwa kitabuni husafiri peke yake: mwili unaocheza, uwanja na watazamaji hubaki nyumbani. Padre Clement aliupokea wimbo pamoja na waimbaji wake, na hata pamoja na ugomvi wao. Huo ndio ubora wake.

Lakini ugomvi huo ndio unaozaa swali ambalo, kwa maoni yetu, Bujora haikulijibu. Je, mashindano yanaweza kubatizwa? Mahali ambapo wingi wa watu ndio hakimu, anayesifiwa ni nani: Kristo, au manju? Sisi tunaokiri kwamba mtu huhesabiwa haki kwa neema pasipo matendo hatuwezi kulipita swali hili upesi. Wala tusimhukumu Padre Clement huku tukijisahau. Mashindano ya kwaya zetu na vipaza sauti vya mikutano yetu vyafuata kanuni ile ile ya Bagika na Bagalu, nasi hatuna unyofu wa kuikiri.

Aidha, makumbusho yana hatari yake. Huhifadhi kilichokuwapo, hayawezi kutunga kitakachokuja. Katika miaka ya 1940 na 1950 Wasukuma wengi walihamia Geita kutafuta mashamba na malisho, nao walikwenda na nyimbo zao za jembe. Mwadui, Shinyanga, almasi imechimbwa tangu 1940. Mgodi mkubwa wa Geita ulifunguliwa mwaka 2000, na ule wa Bulyanhulu mwaka 2001, nao wachimbaji wadogo wako kila upande. Wimbo wa kazi wa Kisukuma ulizaliwa shambani, ambapo watu walilima bega kwa bega. Mjukuu wa mkulima yule sasa yumo shimoni, na hofu yake, tamaa yake na msiba wake havimo katika wimbo wa babu yake, wala havimo katika kitabu chetu cha nyimbo.

Hitimisho

Hatusemi kwamba kila usharika ujenge Bujora yake. Twasema kwamba mchungaji wa Geita au Kahama asiazime tuni kabla hajamjua mwenye wimbo, na asiulete uwanja ibadani kabla hajauliza ni nani atakayetukuzwa humo. Padre Clement alilitimiza la kwanza kuliko wengi wetu. La pili alituachia, na ni kazi ya kanisa zima, si ya wanamuziki peke yao.